Plaizi ya kukunja ya elfu 38

Ya kwanza niliinunua dirishani. Foleni ya Ubungo, saa kumi na mbili jioni, daladala imeganda, machinga akapita na mzigo wake wa tochi, chaja, nyembe na hii plaizi ya kukunja iliyokaa kwenye kijiala cheusi, akaifungua mbele ya pua yangu ikachanua kama pweza, "boss hii ina kazi ishirini na nne, elfu ishirini tu", tukavutana mpaka elfu 12 gari likiwa limeshaanza kusogea, nikaondoka najiona mjanja kweli kweli. Kisu, msumeno, tupa, bisibisi tatu, kifungua kopo, kifungua soda, rula, mpaka kadude ka kuparulia magamba ya samaki, na mimi samaki nawachukua soko la Feri wameshaparwa.

Miezi miwili ikakaa mfukoni ikifungua soda. Halafu usiku mmoja wife akasema jikoni kunanuka gesi. Nikafungua madirisha, nikapaka maji ya sabuni kwenye mpira wa gesi, kweli yakaanza kutoa mapovu pale kwenye klipu inayobana mpira na regyuleta, nikafunga mtungi. Kazi yenyewe ni kukaza skrubu moja, haifiki hata dakika. Nikachomoa mashine yangu kwa madaha, nikaweka bisibisi kwenye skrubu nikazungusha, naona skrubu imetulia tu ila ncha ya bisibisi ndo inajisokota, chuma kabisa kinapinda kama mshumaa uliosahaulika juani. Nikajaribu bisibisi ya pili, ikapinda. Ya tatu ilikuwa ya nyota, haihusiki. Saa tatu usiku nagonga kwa jirani naomba bisibisi huku mkononi nimeshika kitu chenye bisibisi tatu, na yule jamaa akakiangalia, akaniangalia, hakusema kitu, ndo iliuma zaidi.

Sasa badala ya kukimbilia nyingine nikafanya jambo ambalo namshauri kila mtu kabla hajatoa hela. Wiki mbili kila nikihitaji kifaa chochote naandika kwenye simu. Basi. Mwisho wa wiki mbili nikahesabu: kukata kamba, maboksi na zile plastiki za kubania mizigo mara 9. Mkasi mara 7, pakiti za maziwa, uzi wa kola, kucha za mtoto. Bisibisi mara 6, plagi iliyolegea, kitasa, kifuniko cha betri cha toi, miwani ya mama. Plaizi mara 5, zipu iliyong'oka kichwa, nati ya sait mira ya bodaboda niliyopanda (dereva alikuwa anaishika kwa mkono anaendesha kwa mkono mmoja, nikamwambia kaka simama kwanza tuikaze), msumari uliotokeza kwenye benchi. Kufungua soda mara 4. Msumeno sifuri. Rula sifuri. Magamba ya samaki nadhani mnajua.

Kwa hiyo katika zile kazi ishirini na nne nilikuwa nabeba kumi na tisa za bure, na zile tano ninazozihitaji ndo zilitengenezwa kwa bati. Hizi za bei ya chini mara nyingi ziko hivyo, bei inagawanywa kwa kila kijidude, vikiwa vingi kila kimoja kinapata hela kidogo ya chuma. Ukikuta mbili za bei moja, chukua yenye vitu vichache.

Na kabla hamjaniambia "si ununue orijino". Orijino nazijua, na nazitamani. Leatherman, kampuni ya plaizi za kukunja ya Portland kule Oregon, Marekani, ilianza 1983, na chanzo chake nakipenda sana: Tim Leatherman alikuwa anazunguka Ulaya na Mashariki ya Kati na mkewe mwaka 1975 na gari bovu la Fiat, mfukoni ana kisu cha skauti, kila kitu kinaharibika, gari linaharibika, mabomba ya hoteli za bei chee yanavuja, na kila saa anajikuta anasema ningekuwa na plaizi. Yaani hiki kitu kilizaliwa na shida ya plaizi, kisu alikuwa nacho tayari. Ndo maana mimi nikiikagua naanza na plaizi. Lakini Leatherman halali ikishafika mkononi hapa Bongo inapita laki, kwa hiyo ukiiona inauzwa elfu 25 ina nembo na maandishi ya Portland yamechongwa vizuri kabisa, wee jua umepewa maandishi. Victorinox ya Uswisi, ile ndogo kabisa ya milimita 58 wanayoiita Classic SD, ni kitu kizuri mno, kisu, mkasi mkali, tupa ya kucha, kibano, gramu ishirini na kidogo tu hata kwenye funguo huisikii, ila plaizi haina, na mimi mara 5 zangu za plaizi zilikuwa zimeshaandikwa kwenye simu.

Jumamosi nikaenda Gerezani, kwenye maduka ya vifaa hapa Dar. Bajeti elfu 40, nimeapa haizidi.

Duka la tatu kijana akanitolea moja ya stenlesi inang'aa, akachomoa kasumaku ka spika akakabandika kwenye kisu, kakadondoka. "Unaona mkuu? Sumaku haishiki. Stenlesi yenyewe hiyo, feki zote zinashika." Na mimi nikaamini, maana wote tumelelewa hivyo, sumaku ikishika ni feki. Pembeni kulikuwa na mzee ananoa mikasi ya mafundi cherehani, nikampa shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa halafu akasema, "Mwanangu, kijiko cha chai sumaku inashika?" Nikamwambia haishiki. "Kijiko ukikinoa kitakata nini?"

Nikakaa nae karibu nusu saa aisee. Ni kwamba stenlesi haziko za aina moja. Zile za vijiko na masufuria mengi sumaku haizishiki, au inashika kwa mbali sana, hazipati kutu kirahisi lakini ni laini na hata uzichome moto uzizamishe kwenye mafuta hazigeuki kuwa ngumu. Za visu zina kaboni, kama hizi familia ya 420 ambazo hata Leatherman anazitumia, zinakazwa kwa moto ndo zinashika makali, na hizo sumaku inashika vizuri tu. Kwa hiyo kisu kinachokataa sumaku kwa bei hii ni kijiko kilichochongwa. Ila msije mkanunua kila kinachoshika sumaku maana hata bati la kopo linashika. Mzee akachukua tupa yake, akaigusa kidogo kwenye kitako cha ubapa wa kisu, pale chini karibu na mpini pasipoonekana. Tupa ikala kama inakula sabuni, kijana wa duka akakunja uso. Nyingine tuliyojaribu tupa ikateleza, haikung'ata. "Hiyo," mzee akasema, akarudi kwenye mikasi yake.

Mengine niliyapima mwenyewe. Funga mdomo wa plaizi uelekeze kwenye mwanga, ncha zikutane kabisa, kwenye nyingi za bei ya chini utaona mwanga unapita mbele huku nyuma zimegusana. Halafu bana risiti kwa ncha na uivute, ikichomoka kirahisi hiyo plaizi haitakaa ishike zipu wala mwiba. Tikisa mdomo kushoto kulia, ukicheza dukani utacheza zaidi nyumbani. Angalia kiungo kimefungwa na nini, kama ni bolti yenye kichwa cha kukaza hiyo ikilegea unaikaza, kama ni riveti ikilegea ndo imetoka. Kisu kikifunguliwa kiwe na kifungio, kale kabamba kanakoingia nyuma ya ubapa kuzuia usijikunje, nina kovu kwenye kidole cha shahada la kisu kisicho na hicho kitu na lilikuwa embe tu nakata. Na uzito, jamani, kuna moja niliipenda ila nilipoiweka mfukoni suruali ya kitambaa ikashuka upande, sitabeba nusu ya nyundo kila siku kwa ajili ya zipu ya mwezi ujao.

Iliyobaki mkononi ni ya elfu 38, ya Kichina, jina sitaji kwa sababu dukani niliikuta hiyo hiyo kwenye maboksi ya majina matatu. Plaizi, kisu chenye kifungio, mkasi, bisibisi bapa na ya nyota, kifungua soda. Nimekaa nayo miezi mitano. Mkasi wake ndo dhaifu, springi ni kawaya kembamba nahisi katafika mahali kataruka, lakini klipu ya gesi nimeshaikaza nayo mara mbili na bisibisi iko vile vile.

Mambo mawili nimejifunza nikiwa nayo. Mpini wa hivi vitu ni chuma kitupu, hauna mpira kama plaizi ya fundi umeme, kwa hiyo plagi au soketi usiiguse kabla hujazima meni switchi, volti 230 hazijui kama umenunua orijino au feki. Na sehemu ya kukatia waya ni ya waya laini, nilijaribu kukata waya wa breki za baiskeli ya mdogo wangu nikabaki na kibonyeo kwenye makali. Kuhusu kutu, tunaoishi karibu na bahari halafu tunatembea na jasho, stenlesi ya visu inapata madoa bwana, kila mwisho wa mwezi nilikuwa naipiga mswaki wa zamani kutoa vumbi la mfukoni na tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo, dakika mbili imeisha.

Na jueni pa kuiacha. Uwanja wa ndege lazima iwe kwenye begi la chini linaloingia tumboni mwa ndege, usiwe nayo mfukoni. Mimi nilisahau mwezi uliopita nikaenda nayo uwanja wa Mkapa, nafika getini naona askari wanapapasa watu, nikakumbuka. Nikarudi kwa mama mmoja anayekaanga chipsi nje nikamwomba anishikie, akaiweka kwenye kibubu cha hela. Baada ya mechi (tusiiongelee) nimerudi naikuta mezani iko wazi, mpini wa karai lake uliokuwa unacheza umekazwa, na msaidizi wake anakatia pakiti za tomato na mkasi wangu. "Baba, hii umeipata wapi na bei gani?" Nikamwambia. Akahesabu elfu 40 za noti ndogo ndogo zenye mafuta, akasema chenji ni nauli yako.

Jumamosi narudi Gerezani. Nitampitia na yule mzee nione kama yupo, maana tupa mimi sina.