Waliorudi Mara ya Pili

Wapendwa, Bwana asifiwe. Wiki hii nimesoma Hesabu 27 na Yoshua 17, na nimeshindwa kuzitenganisha.

Selofehadi alikufa jangwani bila mtoto wa kiume. Binti zake watano hawakunong'onezana jikoni. Walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, Eleazari kuhani, wakuu na mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe. Bwana mwenyewe akamwambia Musa kwamba mabinti hao wamesema haki. Wahubiri wengi huishia hapo. Lakini Musa alikufa, Yordani ikavukwa, nchi ikaanza kugawanywa, na katika Yoshua 17 tunawakuta wale wale, tena mbele ya Eleazari, safari hii pamoja na Yoshua, wakikumbusha neno lililokwisha kutolewa. Haki walishapewa. Ardhi bado.

Hapo nikamkumbuka bibi yetu Mekatilili wa Menza. Alikuwa mjane wa Kigiriama, wa Pwani ya Kenya, asiye na cheo. Mwaka 1913, Waingereza walipotaka kodi ya vibanda na vijana wa kufanya kazi mashambani mwao, alipita kijiji kwa kijiji akicheza kifudu, ngoma ya mahanga (matanga), watu wakamfuata hadi Kaya Fungo, boma takatifu la Wagiriama msituni. Huko wanawake wakala kiapo chao, mukushekushe, na wanaume kiapo cha fisi. Mimi ni wa Kristo na kiapo kile si changu, lakini simwonei haya mama aliyekataa watoto wa watu wachukuliwe.

Oktoba akakamatwa, akapelekwa Kisii, mbali huko magharibi mwa Kenya, pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola. Januari 1914 wakatoroka, wakarudi Pwani kwa miguu. Kutoka Kisii, jamani! Sisi tukipanda basi la usiku kwenda Nairobi tu, asubuhi tunalalamika miguu imevimba. Mama mtu mzima, nyika na wanyama, lugha asizozijua. Angefika akajificha, nani angemlaumu? Aliendelea pale pale alipokatizwa. Agosti serikali ikalipua Kaya Fungo kwa baruti, naye akakamatwa tena. Aliachiliwa 1919.

Nayaandika haya kwa sababu yananihusu. Marehemu baba alituacha mabinti wanne na shamba dogo la minazi huko Rabai. Hanga halijaisha, ami zetu walikuwa wameshaligawana, na wazee wakatuambia mwanamke ataolewa, ardhi ya nini? Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 60, inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria na mila za ardhi. Tulikwenda kikaoni mara moja, tukakemewa, tukarudi kwetu Kongowea, Mombasa, tukilia. Miaka sita nimeiita ile kimya yangu upole wa Kikristo. Ilikuwa hofu, na nimeungama hivyo mbele za Mungu. Kuwaheshimu ami zangu naweza, na bado nikawaambia wazi kwamba shamba ni la baba yetu.

Jumamosi ijayo tunakwenda tena, sote wanne. Dada yetu mkubwa ndiye atakayesema, na kikao kitakuwa chini ya mwembe, wanakijiji wote wakisikia. Tumeomba iwe hivyo. Mtukumbuke kwenye maombi ya alfajiri, na mwenye nafasi aje akae nasi.