Difu la guta limefunguliwa leo

Jamani, leo nimeshinda gereji huku Mikindani, Mtwara.

Guta langu, pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, lilikuwa linalia nyuma. Ukivuta mafuta linagonga, ukiachia linavuma. Na msimu wa korosho huu, magunia hayasubiri mtu.

Babu fundi kamwaga oili ya difu, lile boksi la gia la nyuma linalopeleka nguvu kwenye magurudumu. Imetoka uji wa kijivu, ndani vipande vya chuma vinang'aa.

Ekseli, chuma kinachozungusha gurudumu, ikachomolewa: meno yake ya mwisho yameliwa, yamelala upande mmoja. Beringi inakwaruza. Sili ya kuzuia oili imekatika, oili inavujia kwenye breki, kumbe ndiyo maana breki ya kulia ilikuwa inateleza.

Nikajua kraunwili, ile gia kubwa ya ndani ya difu, nayo kwaheri. Babu akanijibu, "Tulia mwanangu, hii meno yake bado mazima, imekaa vibaya tu."

Akafunga beringi mpya, kisha akapaka rangi nyeupe kwenye meno ya kraunwili, aone yanagusana wapi na gia inayoizungusha. Akazungusha kwa mkono, polepole.

Rangi imefutika ncha ya nje tu.

Akafungua. Akahamisha shimu, hivi vibati vyembamba vya pembeni. Akapaka tena, akazungusha tena. Hana haraka kabisa, mimi simu ya mteja inaita mfukoni!

Safari hii alama ikatokea katikati ya jino, safi. Mzee akacheka peke yake. Mimi pia, sijui kwa nini.

Ekseli nimepata, ila ubora wa hizi spea ni kubahatisha.

Wenye maguta wa Masasi na Newala, mnaopanda vile vilima na mzigo: beringi za kudumu mnanunua wapi? Oili ya difu mnabadilisha kila baada ya muda gani?