Ngozi Iliyokawia Kushuka

Juzi mwanangu alinikuta nimechuchumaa mbele ya mtoto wa mbwa tuliyemleta wiki iliyopita, nikimvuta ngozi ya ukosi kwa vidole viwili kisha nikiiachia, akaniuliza, "Mama, mbona unamfinya? Amekosa nini?" Nilimjibu kwamba simfinyi, namtazama tu, lakini mawazo yangu yalikuwa yamekwisha kurudi kwa Shaba, mtoto wa mbwa niliyemlea kabla ya huyu.

Shaba alianza kuhara akiwa na umri wa wiki tisa. Siku za mwanzo sikuhangaika, kwa kuwa alikuwa mchangamfu na anakula vizuri, na mtoto wa mbwa anapohamia nyumba mpya na kubadilishiwa chakula, tumbo huchafuka mara nyingi. Daktari wa mifugo alimpa dawa ya minyoo, akakitazama kinyesi cha siku moja kwa darubini, akaniambia hakuona kitu. Nililishika jibu hilo. Kwa kuamini kwamba kosa liko kwenye chakula, nikawa nakibadilisha kila baada ya siku mbili tatu. Kila mara kinyesi kilikaza kidogo, kisha kikalegea tena, chenye utelezi kama ute wa yai na harufu kali iliyoganda hata kwenye nguo zangu. Wiki tatu zikapita hivyo.

Usiku mmoja nilimkuta amelala kando ya bakuli la maji, pua imegusa ukingo, wala hanywi. Nilimwita, mkia haukutikisika. Nikapiga magoti, nikamvuta ngozi ya ukosi kama nilivyowahi kuelekezwa, nikaiachia. Ngozi ya mbwa asiyepungukiwa maji hurudi papo hapo. Ya Shaba ilibaki imesimama, mkunjo mwembamba uliojitenga na mwili wake, nami nikahesabu moja, mbili, tatu, ndipo ikaanza kushuka polepole. Nikamfunua mdomo. Ufizi, ambao ulipaswa kuteleza kwa mate, ulinata kwenye kidole changu, na nilipoubonyeza, weupe ulikawia kuondoka. Nilibaki na kidole pale pale, nikisikia pumzi yake fupi na ya moto kwenye kiganja changu, na kwa muda huo sikuweza hata kuinuka kutafuta simu.

Usiku huo huo alitundikiwa dripu. Kipimo cha parvo, ugonjwa hatari wa virusi unaoharisha watoto wa mbwa, kilionyesha kwamba hakuwa nayo. Daktari wa pili aliagiza kinyesi cha siku tatu tofauti, akieleza kwamba vimelea vya giadia havitoki katika kila kinyesi, na siku ya tatu vikaonekana. Dawa ilikuwa ya siku tano, lakini kazi kubwa ilikuwa nyumbani: kuokota kinyesi mara tu kinapoanguka, kufua matandiko, kuiacha sakafu ikauke kabisa, na kumwosha manyoya ya nyuma, kwa kuwa vijifuko vya giadia hunasa humo, na mbwa akijilamba huvimeza upya.

Alipona. Hata hivyo sijapata kutulia na wiki zile tatu. Daktari wa kwanza alisema hakuona kitu. Mimi ndiye niliyesikia kwamba hakuna kitu, na kati ya maneno hayo mawili mtoto wa mbwa alikuwa akikauka. Labda ningerudi mapema na kinyesi kingine, tungeyaepuka yote. Labda nacho kisingeonyesha lolote.

Jioni mwanangu alirudi, akataka nimfundishe. Nilimwonyesha namna ya kuikamata ngozi bila kumwumiza mbwa, na kumwambia ahesabu pindi anapoiachia. Alivuta kwa uangalifu, akaachia, na kabla hajamaliza kutamka "moja" ngozi ilikuwa imekwisha kulala.