Jumamosi Tuliyokutanishwa na Mwalimu

Shule za Uganda zilipofunguliwa kwa madarasa yote tarehe 10 Januari 2022, baada ya kufungwa tangu Machi 2020 kwa sababu ya korona, mwanangu alianza darasa la kwanza katika shule moja ya msingi hapa Arua. Mwanangu ana sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Nyumbani nilijua namna ya kumlinda: maji ya kunywa kila mara, sweta asubuhi za mvua, chandarua, dawa zake na tarehe za kliniki. Shuleni sikuwa na mkono. Wiki za mwanzo alirudi na kaptura iliyolowa, kwani mwalimu wa darasa alidhani anaomba ruhusa ya kwenda msalani ili akacheze. Mtoto wa sikoseli hunywa maji mengi, na figo zake hushindwa kubakiza maji mwilini kama za wenzake, hivyo hukojoa mara nyingi. Mwalimu yule hakuna aliyewahi kumweleza.

Nilimpelekea mwalimu mlezi kitabu cha kliniki. Alikisoma taratibu, kisha akaniambia, "Mama, si wewe peke yako. Wapo wazazi wengine, lakini siwezi kukutajia majina yao kabla sijawaomba ruhusa." Nilimheshimu sana kwa maneno hayo, maana kwetu ugonjwa huu hufichwa, na katika nyumba nyingi lawama humwangukia mama pekee, ingawa mtoto hauugui mpaka arithi chembe yake ya urithi kwa baba na kwa mama pia.

Jumamosi moja alituita katika darasa lililokuwa tupu. Tulikuwa wachache: akina mama, baba mmoja mwendesha boda boda, na bibi mmoja aliyekuwa akimlea mjukuu wake. Baba yule alisema mbele yetu sote kwamba ndugu zake walimshauri amwache mkewe, naye akawajibu kuwa damu ya mtoto ni yao wawili. Sijawahi kusikia mwanamume akilitamka jambo hilo hadharani, na mama aliyekaa kando yangu alilia.

Bibi ndiye aliyenifunza zaidi. Alimlaza mwanangu juu ya benchi, akaushika mkono wangu na kuviweka vidole chini ya mbavu za kushoto, akanionyesha jinsi ya kubonyeza polepole mtoto anapovuta pumzi, nikitafuta bandama. "Uwe unapima hivi akiwa mzima, binti yangu, ili uujue ukubwa wake wa kawaida. Siku ukilikuta limevimba ghafla na midomo imepauka, usingoje kukuche." Kliniki nilikuwa nimeambiwa kuhusu bandama, lakini foleni ilikuwa ndefu na muuguzi hakuwa na nafasi ya kunishika vidole.

Kabla ya kutawanyika tulimwomba mwalimu mkuu dumu la maji safi darasani, ruhusa ya watoto hao kutoka bila kuulizwa, na wasisimamishwe gwaride asubuhi za baridi. Alikubali yote siku ile ile. Namba zetu za simu tuliziandika kwenye karatasi moja, ikabandikwa ndani ya kabati la ofisi ili wapitao wasiisome.

Mwezi wa Aprili, mvua zilipoanza, mwanangu alishikwa na maumivu ya miguu akiwa darasani. Mimi nilikuwa sokoni, simu imezima chaji. Mwalimu mlezi alipiga namba iliyofuata kwenye ile karatasi, na nilipofika hospitali nilimkuta mwanangu ameshatundikiwa maji, bibi yule akimkanda miguu.