Ndoo, Mwanangu: Lafudhi Niliyoiacha Kibokoni

Nilipoondoka Mombasa mwaka 2006 kwenda Muscat kutafuta riziki, sikudhani kwamba miongoni mwa vitu nitakavyoviacha mlangoni kwa shangazi yangu, Kibokoni, ni namna yangu ya kusema. Nimerudi baada ya miaka 17. Shangazi alikuwa barazani na birika lake la kahawa, nikambusu mkono, nikaulizwa hali na safari, nami nikamjibu kwamba ni salama ila nina njaa. Alinitazama kwa muda kabla ya kusema neno. “Njaa? Mwanangu, kwetu ni ndaa. Umerudi Munguja.” Kisha akainuka na kunishika mkono: “Ndoo, ndoo ule.” Mahamri na mbaazi zilikuwa tayari mezani, lakini neno lile moja, ndoo, yaani njoo, ndilo lililonifanya nihisi kwamba nimefika.

Alisema kweli. Kiswahili kinachosikika Muscat ni cha watu wenye asili ya Unguja na Pemba, ambao wengi wao familia zao zilihama baada ya mapinduzi ya 1964 na kupata makao Oman, hasa kuanzia 1970. Niliishi nao, nikafanya kazi nao, nikala futari kwao. Hapo mwanzo niliposema mato, walicheka kwa upole, na mmoja wao aliniuliza kama hiyo ndiyo lugha ya mashairi. Hakuna aliyenilazimisha kubadilika. Mtu hubadilika kwa sababu hataki kila sentensi yake isimamishwe katikati ili neno moja lichekwe, na baada ya miaka mitatu minne nilikuwa nasema macho, njia na njoo bila hata kujisikia.

Tofauti hizo hazikutokana na ulimi mzito wala uvivu wa mtu yeyote. Ni sauti moja ya kale iliyoshika njia mbili: huku Mvita, yaani Mombasa, ikawa t, kule Unguja ikawa ch. Ndiyo maana sisi tuna jito, mtanga na kuteka, na wenzetu wana jicho, mchanga na kucheka. Vivyo hivyo nd yetu hukutana na nj yao katika ndia na njia. Ukienda kaskazini hadi Lamu, maji huwa mai, moja huwa moya, na vyombo huwa zombo. Kwa Wabajuni mambo hugeuka tena, kwani pale ambapo sote tunasema mtu na tatu, wao husema muchu na chachu. Pwani yetu ni ndefu, imekatwakatwa na visiwa na vijito, na miji ilikaa karne nyingi ikioana na kufanya biashara na jirani wa karibu zaidi kuliko wa mbali, basi kila mji ukakuza mazoea yake ya kutamka. Hapa Mombasa kwenyewe, shangazi anadai kumtambua mtu wa Kilindini kwa maneno mawili tu, nami namwamini.

Kitu nilichokuwa nimekisahau kabisa ni pumzi. Kimvita hutenganisha maneno kwa pumzi inayotoka pamoja na p, t au k, na herufi za shuleni hazionyeshi jambo hilo hata kidogo. Jioni ya pili shangazi aliweka kiganja chake mbele ya mdomo wangu, karibu sana, akaniambia niseme paa la nyumba. Kiganja hakikuhisi kitu. Kisha akaniambia niseme paa, yule mnyama wa porini. Pumzi ilipaswa kumpiga kiganjani, lakini haikumpiga. Akasema yeye, na kiganja changu kikapokea pumzi fupi yenye joto, kama ya mtu anayepuliza mshumaa bila kutaka kuuzima. Ndivyo ilivyo kwa kaa la moto na kaa wa baharini. Nilitamka neno hilo mara kumi jioni ile, na mara mbili tu ndipo aliporidhika.

Ni lazima niseme kwa nini jambo hili linaniuma. Nilipokuwa darasa la tano niliandika katika insha kwamba tulipita ndia ya bahari, na mwalimu alilikata neno hilo kwa kalamu nyekundu, akaniita mbele nisome upya mbele ya darasa zima. Halikuwa kosa la kusahau. Lilikuwa neno la nyumbani kwetu, la mama yangu na la mama yake. Siku hiyo nilijifunza kwamba kuna Kiswahili cha karatasi na Kiswahili cha baraza, na kwamba cha pili huonewa haya.

Haya hiyo ina historia inayojulikana. Mmisionari Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 alijifunza Kiswahili cha hapa, na wamisionari waliomfuata mjini mwetu walikishikilia Kimvita. Kule Unguja, Edward Steere alitoa kitabu chake cha lugha mwaka 1870 kwa kufuata Kiunguja. Lakini Kiunguja kilikuwa na nguvu nyingine kubwa zaidi ya vitabu: Sultani wa Oman alikuwa amehamishia makao yake Unguja, na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikipeleka bara mpaka Kongo. Ilipofika 1928, wakoloni walikutana kuchagua lahaja moja ya shule na ofisi, wakachagua Kiunguja, na mkutano huo ulifanyika papa hapa Mombasa. Kamati ya Lugha ilianza kazi 1930. Siupingi uamuzi wenyewe, kwa maana lugha ya vitabu ilihitaji mahali pa kusimama, na lahaja iliyokwisha kuenea ilikuwa na haki yake. Ninachokipinga ni kwamba lahaja nyingine ziligeuzwa makosa. Kimvita kilikuwa lugha ya mshairi Muyaka bin Haji, na Kiamu, lahaja ya Lamu, kilikuwa lugha ya mshairi Mwana Kupona, miaka mingi kabla ya kalamu nyekundu kutufikia. Hata neno runinga tunalolitumia Kenya nzima lilitungwa na Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu kwa kuunga rununu na maninga, na maninga ni macho katika Kiswahili cha kale cha kaskazini.

Hata hivyo, tangu nirudi nimeona jambo jingine ambalo zamani sikuliona, na linanisumbua zaidi. Sisi tulioumizwa kwa lafudhi yetu huwacheka wengine kwa lafudhi zao, tena bila huruma. Kigikuyu hakina l, kwa hiyo Mkikuyu akisema “rara” kwa lala hakukosa akili; sikio lake lililelewa na sauti moja pale ambapo letu lililelewa na mbili. Dholuo, lugha ya Wajaluo wa upande wa Kisumu, hakina sh, basi shida huwa sida. Nairobi wana neno lao la kejeli kwa mambo haya, kushrabu, na watoto wa nyumbani kwetu wamelipokea vizuri mno.

Ijumaa iliyopita mtoto wa ndugu yangu alimleta mwenzake wa shule, kijana ambaye wazazi wake wametoka Kisumu, ale mchana nasi. Kijana akasema kwa adabu, “Nyanya, hakuna sida, nimeshiba,” ila shiba nayo ikatoka siba, na wadogo wakaanza kuangua vicheko. Shangazi aliwanyamazisha kwa jicho moja. Baadaye, vyombo vilipokwisha kuondolewa, alianza tena somo lake nami, safari hii kuhusu t mbili za Kimvita, ile ya ulimi menoni na ile ya ulimi nyuma ya meno, ambazo Kiunguja kimeziunganisha na mimi pia. Nilishindwa kuzitenga. Yule kijana alisikiliza, akajaribu, na zote mbili zikatoka safi mara ya kwanza. Shangazi akamwuliza alizijulia wapi. Akajibu kwamba kwao zipo: thuol, yaani nyoka, ulimi huwa menoni, na tong', yaani mkuki, ulimi hurudi nyuma.

Shangazi akamwambia azirudie polepole, akavuta kiti chake karibu na kile cha kijana, akanigeukia. “Ami wenu,” aliwaambia wale watoto, “akae hapa amsikilize.” Nikakaa. Bado naendelea kuzirudia.