Mkia Uliobaki Mkononi

Usiku ule nilitoka na tochi kutafuta mijusi kafiri wawili, nikarudi na mkia mmoja. Ndani walikuwa wakisubiri watoto wawili wa nyoka waliofikisha wiki 5 bila kula chochote, na mmoja wao uti wa mgongo ulikuwa umeanza kuchomoza kama uzi chini ya ngozi.

Walikuwa nyoka-nyumba wa jenasi ya Boaedon, wale wa kahawia wasio na sumu, wanaowinda usiku na kukaba mawindo kwa kujiviringisha. Mayai 9 yalikuwa yameanguliwa yote. Mtoto wa nyoka hahitaji chakula mpaka ajivue gamba mara ya kwanza, maana bado ana akiba ya kiini cha yai tumboni. Hawa walijivua kati ya siku ya 8 na ya 10, na hapo nikaanza kumpa kila mmoja kichanga cha panya mweupe, kilichotolewa kwenye friza na kupashwa kwa maji ya vuguvugu ndani ya mfuko. Saba walikula katika siku 14. Wawili walitoa ulimi mara mbili tatu, wakageuza kichwa na kurudi mafichoni.

Mtoto akikataa kula, jambo la kwanza ni joto. Nililipima: nyuzi 29 upande wa moto, 24 upande wa baridi. Halikuwa na kasoro. Nikajaribu kumwacha na chakula usiku kucha kwenye kikopo kidogo chenye giza. Nikajaribu kupasua kichwa cha kichanga ili ubongo wake utoe harufu. Hawakugusa. Kulisha kwa nguvu sikutaka. Nyoka wa gramu 3 na nusu koo lake ni jembamba kama kijiti cha kiberiti. Kifaa kikikosea kidogo unalichana, na hata usipolichana, hofu peke yake inatosha kumfanya atapike alichomezeshwa. Nyoka mdogo akishatapika, huwa dhaifu kuliko alivyokuwa kabla hajala.

Sababu ya kugoma nilikuwa naijua. Porini watoto wa aina hii huanza na mijusi, kwa kuwa mjusi ni mwembamba na humezeka, ilhali kichanga cha panya ni kinene kwa mdomo wao. Nyoka huokota harufu kwa ulimi na kuipeleka kwenye kiungo cha Jacobson, kiungo cha kunusia kilicho juu ya kaakaa. Wale wawili njaa walikuwa nayo. Ila ulimi ulikuwa ukiwaambia kwamba kile kitu chekundu laini si chakula.

Mchana wa siku ile nilikuwa nimejaribu kitanzi. Ni ufito mwembamba wa mita 2, na nchani uzi wa kuvulia samaki wa sentimita 15 uliofungwa kitanzi cha kuteleza chenye upana wa sentimita 3. Mjusi humkimbia mtu, lakini ufito unaomsogelea polepole haumtishi sana. Wengine huutazama tu. Unapitisha kitanzi kichwani mpaka kivuke taya, kisha unainua juu na nyuma kwa mkupuo mmoja mfupi. Hapo palipokuwa na mawe nilikuta mijusi wa mchana wenye magamba laini yanayong'aa, na kitanzi hakikufaa kitu. Shingo ya mjusi wa namna hiyo ina unene sawa na kichwa, kwa hiyo uzi huteleza na kutoka wenyewe. Nilikosa watano kabla sijakubali. Wa aina hiyo hutafutwa asubuhi mapema, kabla ya kuota jua, wakiwa bado wazito, kwa kuinua jiwe moja moja. Jiwe uliinue kwa kulivuta upande wako, ili likukinge kama chini yake kuna nyoka wa sumu, kisha ulirudishe vilevile lilivyokuwa. Jiwe lililoachwa limepinduliwa linapoteza unyevunyevu wake, na wakazi wake wote huhama.

Kwa hiyo nikasubiri usiku, na kwenye mijusi kafiri kuna jambo lililonichagulia ukuta. Mjusi hula mende na wadudu waliopuliziwa dawa, na sumu iliyomo ndani yake humfuata anayemla. Kwa nyoka wa gramu 3 na nusu, kiasi kidogo sana ni hatari. Nilichukua ukuta wa ghala ambao nilijua haujapuliziwa dawa kwa muda mrefu, wenye taa moja na ufa mrefu chini ya paa. Nilikuwa pia nimehakikisha kwamba aina ile hailindwi na sheria. Hilo ni la kuulizia kabla ya kufunga kitanzi, si baada.

Mjusi kafiri hakamatwi kwa mkono na mtu anayemhitaji akiwa mzima. Ngozi yake ni nyororo mno, ukimbana huchanika kama karatasi iliyolowa. Njia nzuri ni chupa pana inayoonyesha ndani pamoja na kadi ngumu. Akishtuka hakimbii ovyo, hukimbilia ufa alikotokea. Kwa hiyo chupa uilete kutoka upande wa ufa, ajikute anaingia mwenyewe. Kisha kadi unaipitisha chini yake polepole kuanzia kichwani. Vidole vyake hushika ukuta kwa vinyweleo vidogo sana, na yeye hujibandua kwa kukunjua kila kidole kuanzia nchani. Ukimpa nafasi, atainua mguu mmoja mmoja na kuuweka kwenye kadi. Ukisukuma, kitu fulani kitakatika.

Mdogo wangu alikuwa ameshika tochi. Mimi nilikuwa na chupa yenye mdomo wa sentimita 7, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu mjusi mwenyewe na mkia wake alizidi sentimita 10. Kwa wanyama hawa mdomo wa chupa uzidi urefu wa mjusi, la sivyo umngoje ajikunje. Sikungoja. Ukingo wa chupa ulitua juu ya mkia, naye akauachia. Nilipoinua chupa, mkia ulianguka kiganjani ukijinyonganyonga, ukaendelea hivyo kwa dakika kadhaa.

Damu haikuonekana. Mifupa ya mkia ina mistari ya kukatikia iliyo tayari, na misuli hubana mishipa mara tu inapoachana. Utaota mwingine, wenye gegedu badala ya pingili za mfupa. Lakini mjusi huyu hakupoteza kitu kidogo, kwa kuwa mkia ndiyo ghala lake la mafuta. Alikuwa bado ametulia ukutani, sentimita chache juu ya taa, na mdogo wangu alipomwelekezea tochi kwa kando tuliona mayai mawili meupe kupitia ngozi ya tumbo. Jike la mjusi kafiri kwa kawaida hubeba mawili. Mwenye mayai simchukui. Nikaanza kumulika ukuta kutafuta mwingine.

"Kaka," mdogo wangu akasema, "si ulisema wanagomea harufu? Huo mkia hauna harufu?"

Nilikuwa nimefikiria mjusi mzima kwa muda mrefu kiasi kwamba mkia niliuona kama hasara tu. Tulizima taa, tukaondoka.

Ndani niliusuuza kwa maji matupu, hasa upande ulioungana na mwili, ambako huwa na mabaki ya kinyesi. Kichanga cha panya nacho nilikiosha bila sabuni, nikakikausha kwa karatasi mpaka ngozi yake ikawa haina harufu kali ya panya. Hatua hii wengi huiruka, kisha wanashangaa harufu ya mjusi haishiki. Nikakisugua kwa mkia kuanzia puani hadi kiunoni, nikakazia kwenye pua, maana nyoka huanzia hapo. Mtoto wa kwanza nilimweka nacho kwenye kikopo chenye matundu, karatasi yenye unyevu kidogo chini, kitambaa juu. Dakika 20 baadaye nilifunua ukingo. Alikuwa amekishika kichwani, mapindo mawili ya mwili yamekizunguka, ingawa kilikuwa kimekufa zamani.

Wa pili alikataa. Alinusa muda mrefu kuliko siku zote, akakigusa kwa pua, akaondoka.

Jambo rahisi lingekuwa kumpa kipande cha mkia wenyewe akimeze. Nilisita kwa sababu ya vimelea. Mjusi wa porini anaweza kuwa na minyoo na viumbe wengine wa tumboni, na ingawa wengi hukaa kwenye utumbo na mapafu, mabuu huweza kujificha kwenye nyama. Friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 30 hupunguza minyoo sana, lakini haiui kila kimelea, na mtoto huyu hakuwa na siku 30. Nikaukata mkia vipande vidogo, nikavichemsha dakika 10 katika vijiko vichache vya maji, nikachuja. Mchuzi uliotoka ulikuwa na wingu jeupe na harufu ambayo hata mimi niliisikia.

Nilimwacha apumzike siku 4 bila kumgusa, jambo gumu kuliko yote kwa mfugaji mwenye wasiwasi. Siku ya 5 nilichovya nusu ya kichanga kwenye mchuzi uliopashwa, upande uliokatwa ukitazama mafichoni kwake, nikazima taa ya chumba. Asubuhi kikopo kilikuwa kitupu, na katikati ya mwili wake kulikuwa na uvimbe mdogo.

Mchuzi uliobaki niliugandisha kwa matone kwenye trei ya barafu, nikapata vipande 10. Kila siku ya 6 nilimlisha. Milo miwili ya kwanza nilichovya kichanga kizima, miwili iliyofuata kichwa peke yake, kisha tone moja puani. Mlo wa 6 alikula bila tone lolote, akiwa na gramu 4.6. Mwenzake alikuwa ameacha kuhitaji harufu tangu mlo wa 3. Vipande 5 vya barafu vilibaki kwenye friza, nami nikaviandikia tarehe, kwa kuwa mama yao alikuwa ametaga tena.