Upepo Unatoka Wapi, Bwana Afya?

Mwaka 2017, mwezi wa nane, niliitwa Chake Chake kwa siku tatu. Barua ilisema tunakwenda kuandaa mpango wa kuwapasha habari wananchi pindi ikitokea ajali ya kemikali za hatari. Nilikuwa afisa elimu ya afya, bado kijana, na sitowaficha: nilichofurahia ni posho. Kemikali za hatari Pemba? Kisiwa cha karafuu na mpunga? Nilijisemea hiyo ni mipango ya watu wa viwanda, imepotea njia ikatufikia sisi.

Mkufunzi wetu, mama wa makamo kutoka Unguja, hakutubishia. Aliuliza tu: "Wakati wa kipindupindu mlikuwa mkitia nini kwenye maji?"

Tukajibu kwa pamoja kama watoto wa chuo cha Kurani: klorini. Kipindupindu cha 2015 na 2016 kilikuwa hakijatutoka mwilini.

"Ile ya unga. Ilikuja ndani ya nini?"

Mapipa.

"Na yaliyobaki yapo wapi?"

Ukumbi ukanyamaza. Mimi yangu nilijua yalipo. Matatu, ndani ya stoo niliyokuwa nikiisimamia, ubavuni mwa madumu ya tindikali ya betri za sola. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, hata vumbi nikiyafuta. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba klorini ya unga ikikutana na tindikali hutoa gesi yenye rangi ya kijani na njano, inayochoma macho na koo, na mtu akiivuta nyingi mapafu hujaa maji. Tena ni gesi nzito, karibu mara mbili na nusu ya hewa. Haipandi ikapotea kama moshi wa jikoni. Hutambaa chini ikitafuta bonde, na Pemba ukiviondoa vilima kinachobaki ni mabonde.

Akatusimulia Bhopal, India, usiku wa kuamkia tarehe 3 Disemba 1984. Gesi ilivuja kiwandani watu wamelala, maelfu wakafa. Wengi waliamka wakakimbia bila kujua waelekee wapi, na wako waliokimbia pamoja na gesi yenyewe. Sikula vizuri mchana ule.

Kikundi chetu kikapewa mkasa wa kubuni: lori limetoka bandari ya Mkoani na mapipa ya klorini na madumu ya tindikali, limepinduka penye bonde, karibu na majumba. Andikeni tangazo. Kalamu nikaishika mimi, kwa kuwa ndiye niliyesifika kwa Kiswahili. Niliandika: "Wananchi wote mnatahadharishwa kuondoka mara moja na kuelekea upande ulio kinyume na mwelekeo wa upepo. Walio ndani wafunge milango na madirisha. Aidha, wananchi wawe watulivu wakati suala hili likishughulikiwa." Ile "aidha" niliipenda sana.

Tangazo likazungushwa kwenye meza nne, kila meza ikiigiza ofisi moja inayotakiwa kutia saini. Mkufunzi alishika saa. Ilichukua dakika hamsini kasoro, na bwana mmoja alitumia karibu kumi kubadilisha "mara moja" kuwa "haraka iwezekanavyo". Nikakumbuka usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ilipozama MV Spice Islander I ikitoka Unguja kuja kwetu. Nyumbani simu ililia kabla hatujasikia lolote redioni, na kulipokucha mtaa ulishajaa vilio na idadi za watu ambazo kila mmoja alikuwa na yake. Nilipolisema hilo tulikubaliana, baada ya kuvutana kidogo, kwamba tangazo la kwanza litoke kwa idhini ya daktari wa wilaya peke yake: tunachokijua, tusichokijua, na saa ngapi tutasema tena. Saini nyengine zitafuata.

Siku ya pili mkufunzi akatupakia garini akatupeleka kwenye diko moja la wavuvi, upande wa magharibi. Alitaka tangazo lisomwe mara moja tu, kwa sauti, kama linavyotoka kwenye spika ya msikiti, kisha kila msikilizaji anyooshe kidole anakokwenda.

Walikaa sita chini ya mkungu: wavuvi watatu, kijana wa bodaboda, na akinamama wawili waliotoka kwenye mwani, nguo bado zimelowa. Tukawaambia mara tatu kwamba ni mazoezi tu, hakuna lori wala sumu. Nikasoma. Vidole vikanyooka. Vitatu vikaelekea baharini, viwili kilimani, na kimoja hakikunyooka kabisa.

Mvuvi mkubwa wao, mzee aliyewahi kuwa nahodha wa mashua za karafuu, akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, kinyume na mwelekeo wa upepo ndiyo wapi? Niupe uso au niupe mgongo?"

"Uupe uso, mzee. Uende unakotoka."

"Basi sema joshini. Gesi inakwenda demani, watu waende joshini. Hilo hata mtoto wa diko hili analijua."

Mama mmoja akacheka. "Hamjui nyie wanaume. Mimi ukinambia demani nitafikiri unanitajia majira. Si ndiyo haya yanayoingia?" Na kweli, kusi lilikuwa linamalizia.

Walibishana kwa raha zao, na mimi nikiandika. Tukaelekea kukubaliana kwamba tangazo liseme "nendeni unakotoka upepo, upepo ukupigeni usoni", na nilikuwa nishafunika kalamu, nahodha alipoinua mkono.

"Ngoja. Lori liko wapi?"

Nikamwonesha, tuseme pale penye mwembe.

"Na mimi niko hapa, demani ya lori. Moshi unanijia. Unanambia niupe upepo uso niende unakotoka. Sasa si unanipeleka ndani ya moshi?"

Nilihisi jasho. Tulikuwa maafisa kumi na wanane ukumbini, wenye shahada na vyeti, na tangazo lile lilipita meza nne. Hakuna aliyeliona.

"Chombo kikitaka kwenda joshini hakiendi moja kwa moja," alisema, akichora mchangani kwa kijiti. "Kinabisha. Kinakwenda upande kwanza. Watu wakate upepo, watoke kwenye njia ya moshi, wakishasalimika ndipo wapande kule unakotoka. Na wapande, wasishuke."

Mkufunzi alikuwa kimya muda wote. Baadaye garini alituambia kwamba watu wa zimamoto hufundishwa hivyo hivyo: kwanza pembeni, halafu unakotoka upepo, halafu juu. Alikuwa analijua kosa langu tangu jana yake na alitaka nilione kwa macho. Sikumsamehe mpaka tulipofika Chake.

Mama wa pili alikuwa na lake kuhusu kufunga milango. Alinionesha nyumba yake, ya udongo na makuti, uwazi wa dhiraa nzima baina ya ukuta na paa. "Nifunge nini hapa?" Tukaandika kwamba kukaa ndani ni kwa wenye nyumba inayozibika, kwa muda mfupi, mpaka waambiwe watoke. Yule wa bodaboda naye akaongeza lililonichekesha wakati ule: "Mkitangaza mapipa yameanguka, watu watayafuata. Pipa la plastiki lenye mfuniko, nani Pemba hatolitaka la maji?" Alisema kweli, hata kwetu lilikuwapo moja. Tukatia mstari: msisogee, msichukue pipa hata likiwa tupu. Tulipowasilisha, mtu mmoja alitaka mstari ule ukatwe, eti unawadharau wananchi. Ulibaki kwa tabu. Miaka miwili baadaye, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, watu wakaenda kuchota petroli, moto ukalipuka wakafa zaidi ya mia moja. Nilimkumbuka kijana yule siku nzima.

Rasimu yetu ilipelekwa ofisi za juu. Ilirudi baada ya wiki kadhaa imepigwa chapa vizuri, nembo juu, na pale tulipoandika "kateni upepo kwanza" pameandikwa "elekeeni upande ulio kinyume na mwelekeo wa upepo". Hata "aidha" ilirudi. Nilichukua kalamu nikasahihisha nakala moja moja kabla ya kuwapelekea masheha, viongozi wetu wa mitaa, jambo ambalo sikuwa na ruhusa nalo. Mapipa yangu matatu nilishayahamisha zamani, asubuhi ya kwanza baada ya mafunzo, kabla hata sijafika nyumbani.

Kidole kile ambacho hakikunyooka kilikuwa cha mama wa kwanza, yule aliyeyataja majira. Nilimuuliza pale pale, bibi, wewe unakwenda wapi?

"Saa hizi wanangu wako chuoni," alisema. "Chuo kiko kule kwenye lori lako. Unataka niende joshini niwaache?"

Sikuwa na jibu, na ndani ya kurasa zote za mpango halikuwamo. Nilimwahidi nitarudi nalo. Ilichukua mwezi. Tulikwenda kwa maustadhi na walimu wa skuli, tukakubaliana kwamba wao wapigiwe simu kabla ya tangazo kutoka, wawatoe watoto kwa njia ya juu, na wazazi waambiwe redioni na misikitini mahali pa kuwakuta, wasiende chuoni.

Nikarudi diko lile, bahari imetulia, yeye anaanika mwani. Nikamweleza yote, na nikamwonesha namba ya ustadhi ikiwa ya kwanza kwenye orodha. Alifuta mikono kwenye kanga akaitazama karatasi.

"Huyu ustadhi namjua," alisema. "Akisomesha, simu huizima."